Aiskrimu ya Magamba na Wajibu wa Kujaribu

Miongoni mwa maswali makongwe ya falsafa ni lile linalohusu ushuhuda: mtu aipokeeje habari anayoletewa na mwenzake kuhusu jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliona, hasa pale habari hiyo inapopingana na yale anayoyajua? Sehemu kubwa ya maarifa ya binadamu, kuanzia majina ya mababu zake hadi umbali wa jua, haikutokana na macho yake bali na kauli za watu wengine, na kwa hiyo anayejigamba kwamba haamini ila alichokiona atalazimika kutupa karibu kila anachokijua. Kwa upande mwingine, anayeamini kila anachoambiwa hana maarifa pia, kwa kuwa kwake kweli na uongo vimelala kitanda kimoja. Epistemolojia, yaani tawi la falsafa linalochunguza maana, vyanzo na mipaka ya maarifa, imejitahidi kwa karne nyingi kuutafuta mpaka kati ya hali hizo mbili, na katika juhudi hizo wanafalsafa wa Ulaya walichagua mfano mmoja ambao umedumu hadi leo, nao ni kuganda kwa maji.

John Locke, katika kitabu chake kuhusu ufahamu wa binadamu kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1689, anasimulia habari za balozi wa Uholanzi aliyekuwa akimweleza mfalme wa Siam, nchi ambayo leo huitwa Thailand, mambo ya kwao. Balozi alipofika kwenye habari za maji ambayo wakati wa baridi huwa magumu kiasi cha watu kutembea juu yake, na ambayo yangeweza kumbeba hata tembo, mfalme akamwambia kwamba hadi hapo alikuwa akimsadiki, lakini sasa amekuwa na hakika kwamba anadanganywa. David Hume, katika kitabu chake cha mwaka 1748, anapozungumzia miujiza na kiasi cha ushahidi unaohitajika ili kuikubali, anamtaja mwanamfalme wa Kihindi aliyekataa habari za kwanza za barafu, na anamtetea kwamba alifikiri sawasawa, kwa sababu jambo geni kabisa kwa mtu huhitaji ushuhuda wenye nguvu sana kabla ya kukubaliwa. Hume anaongeza tofauti moja muhimu, kwamba habari ya barafu haikupingana na uzoefu wa mwanamfalme yule, bali ilikuwa nje ya uzoefu wake, kwa kuwa hakuwahi kuyaona maji katika baridi ya nchi za kaskazini.

Katika mifano yote miwili nafasi zimegawanywa kwa namna moja: mtu wa nchi za joto ndiye asiyejua, na mtu wa nchi za baridi ndiye shahidi. Mgawanyo huo ulionekana wa kawaida kwa wasomaji wa Ulaya, na huenda ndiyo maana hawakuona haja ya kuuhoji. Hata hivyo, historia ya Afrika Mashariki ina visa viwili vya kweli ambamo nafasi hizo zimepinduliwa, na kuvitazama visa hivyo kwa makini kunasaidia kuliona jambo ambalo mifano ya Locke na Hume inalificha, yaani kwamba tatizo la ushuhuda haliamuliwi na kiasi cha ugeni wa habari peke yake, bali pia na gharama ambayo msikilizaji angetakiwa kuilipa ili kuihakiki.

Kisa cha kwanza ni cha mlima Kilimanjaro. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa na makao Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima huo tarehe 11 Mei 1848 na kutambua kwamba weupe ulio juu ya kilele chake ni theluji. Habari zake zilipochapishwa Uingereza mwaka uliofuata, William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London aliyekuwa na sifa ya kuijua Afrika ingawa hakuwahi kuikanyaga, alizikataa, kwa kuwa theluji ya kudumu karibu na Ikweta haikuafikiana na picha aliyokuwa ameijenga kutokana na vitabu na masimulizi ya wasafiri. Ilibidi msafara wa Karl Klaus von der Decken mwanzoni mwa miaka ya 1860, na baadaye Charles New aliyeifikia theluji yenyewe mwaka 1871, ili ubishi huo ukose mahali pa kusimama. Hapa mfalme wa Siam ameketi London, naye balozi anatoka katika nchi za joto. Hata hivyo Cooley ana udhuru ambao mfalme yule pia anao, kwamba kutoka kwenye kiti chake hadi kwenye theluji ile kulikuwa na miezi ya safari baharini na nchi kavu, gharama kubwa ya fedha, na hatari ya kifo.

Kisa cha pili ndicho kinachobeba uzito wa hoja hii, kwa sababu ndani yake udhuru huo haupo. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba iliyopo milima ya Usambara, Erasto Mpemba na wanafunzi wenzake walikuwa na kawaida ya kujitengenezea aiskrimu kwa njia rahisi inayojulikana katika nyumba nyingi: maziwa huchemshwa, hutiwa sukari, huachwa yapoe, kisha huwekwa kwenye sehemu ya barafu ya friji. Nafasi ilikuwa ndogo na wenye haja nayo walikuwa wengi. Siku moja mwanafunzi mmoja alichanganya maziwa yake na sukari bila kuyachemsha ili awahi nafasi, naye Mpemba, alipoona kwamba akisubiri maziwa yake yapoe atakosa trei ya mwisho, aliamua kuyaweka yakiwa ya moto, huku akijua kwamba anaweza kuiharibu friji. Waliporudi baada ya kama saa moja na nusu walikuta maziwa ya Mpemba yameganda na kuwa aiskrimu, ilhali ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito. Mpemba alimuuliza mwalimu wa fizikia sababu yake, na akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Kabla ya kumhukumu mwalimu huyo ni haki kuieleza hoja yake kwa ukamilifu, kwa sababu haikuwa hoja dhaifu. Kupoa ni kupoteza joto, na joto linalotakiwa kutoka linaweza kuhesabiwa. Gramu moja ya maji hutoa takriban jouli 4.2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoshuka, jouli ikiwa ni kipimo cha nishati, na ikishafika nyuzi sifuri hutakiwa kutoa jouli nyingine 334 ili igeuke kuwa barafu bila hata nyuzi moja kushuka. Kiasi hiki cha pili huitwa joto fiche, kwa kuwa kipimajoto hakikioni, na ndicho kinachofanya kuganda kuchukue muda mrefu: kuigeuza gramu moja ya maji yenye nyuzi sifuri kuwa barafu ni kazi sawa na kuipoza kutoka nyuzi 80 hadi sifuri. Kwa hesabu hiyo, gramu ya maji iliyoanza na nyuzi 35 hutakiwa kutoa takriban jouli 481 hadi igande, na ile iliyoanza na nyuzi 100 hutakiwa kutoa takriban jouli 754, yaani zaidi ya mara moja na nusu. Kanuni ya Newton ya upoaji, inayosema kwamba kasi ya kitu kupoa inalingana na tofauti kati ya joto lake na joto la mazingira yake, inakubali kwamba maji ya moto hupoa haraka zaidi mwanzoni. Lakini maji hayo hayana budi kupita kwenye nyuzi 35 yakielekea chini, na yakifika hapo yatakuwa katika hali ileile ambayo maji mengine yalianzia, nayo yamekwishatangulia. Aliyeanza nyuma kwenye njia moja hawezi kufika mbele.

Hoja hiyo inaonekana haina ufa, lakini ufa upo, nao ni wa kifalsafa kabla ya kuwa wa kifizikia. Inachukulia kwamba hali ya maziwa au maji inaelezwa yote na namba moja, yaani joto lake, na kwamba vitu viwili vyenye joto sawa ni sawa kwa kila kitu kinachohusu safari yao iliyobaki. Wanafalsafa wa sayansi huliita sharti la namna hii sharti la mambo mengine kuwa sawa, na mara nyingi sharti hilo hutajwa kwa ulimi bila kuchunguzwa kama limetimia. Maji yaliyofika nyuzi 35 kutoka nyuzi 100 si lazima yafanane na yale yaliyoanza hapo. Sehemu yake imevukizwa, na kwa hiyo yamepungua. Hewa iliyoyeyuka ndani yake imetoka wakati wa kuchemka. Bado yana myuko, yaani mzunguko wa sehemu za moto kupanda na za baridi kushuka, wenye nguvu kuliko maji yaliyotulia. Chombo chake huenda kimeyeyusha utando wa barafu uliokuwa sakafuni mwa friji, kikagusana na chuma baridi moja kwa moja, wakati chombo cha jirani kimekalia utando uleule ambao, kwa kuwa una hewa ndani yake, huzuia joto kutoka. Na katika tukio la Magamba kulikuwa na tofauti nyingine iliyo wazi kabisa: maziwa ya mmoja yalichemshwa na ya mwingine hayakuchemshwa, na kuchemsha hubadilisha protini za maziwa. Kwa hiyo mwalimu angeweza kumwambia mwanafunzi wake kwamba ushahidi wake haujatosha, na angekuwa sahihi. Alichosema, hata hivyo, ni kwamba jambo lenyewe haliwezekani, na kauli hizo mbili hazilingani.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala. Kutosadiki ni kuacha nafasi ya hukumu wazi mpaka ushahidi ufike, ilhali kukanusha ni kutoa hukumu, na kila anayetoa hukumu anabeba mzigo wa kuithibitisha sawa na anayedai. Mfalme wa Siam angeweza kutosadiki bila lawama yoyote; alipomwita balozi mwongo alichukua dai jipya ambalo hakuwa na njia ya kulithibitisha. Cooley naye alivuka mpaka uleule. Mwalimu aliyemjibu Mpemba aliuvuka akiwa na kitu ambacho wawili hao hawakuwa nacho, kwani friji ilikuwa shuleni, maziwa yalipatikana, na jaribio lenyewe lingechukua muda usiozidi wa vipindi vichache vya darasani.

Mpemba hakuishia hapo. Baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu katika mji wa Tanga, ambaye alimweleza kwamba wao wenye kazi hiyo huyaweka maziwa yakiwa ya moto ili yagande upesi. Alipofika Mkwawa, Iringa, kuendelea na masomo ya juu ya sekondari na kufundishwa kanuni ya Newton, aliuliza tena, na safari hii mwalimu alimjibu kwa kejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, maneno ambayo wanafunzi wenzake waliyafanya utani kila alipokosea. Hatimaye Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam cha wakati huo, alipoitembelea shule hiyo kutoa mhadhara, Mpemba alimuuliza mbele ya wote kwa nini maji ya nyuzi 100 yakiwekwa kwenye friji pamoja na maji ya nyuzi 35 ya ujazo uleule hutangulia kuganda. Wenzake walicheka. Osborne, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hakuamini kwamba jambo hilo ni kweli, aliahidi kulijaribu, na aliporudi chuoni akamwagiza fundi wa maabara afanye hivyo. Fundi alileta jibu kwamba maji ya moto yametangulia kweli kuganda, akaongeza kwamba watalirudia jaribio mpaka wapate matokeo yaliyo sahihi. Matokeo ya kazi iliyofuata yalichapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, kwa majina ya Mpemba na Osborne wote wawili.

Tabia ya Osborne inastahili kuchunguzwa kuliko matokeo yake, kwa sababu hakuanza kwa kuamini. Hakusadiki wala hakukanusha, kisha akalipa gharama ndogo iliyohitajika, na katika kulipa akachukua tahadhari za kitaalamu: bika, yaani vyombo vya kioo vya maabara, ziliwekwa juu ya povu gumu la plastiki ili suala la kugusana na barafu ya sakafuni liondolewe, na maji yalipimwa kwa ujazo uleule. Kauli ya fundi nayo, ingawa huchekesha, ina funzo zito. Anayerudia jaribio ili apate anachokitarajia hajaribu chochote, kwa kuwa ameshaamua kwamba matokeo fulani hayatahesabiwa, na mtu wa namna hiyo ana uzoefu mwingi usiomfundisha kitu. Uzoefu humfundisha tu yule aliyekubali tangu mwanzo kwamba unaweza kumpinga.

Haikuwa mara ya kwanza kwa ushuhuda huo kutolewa. Aristotle, katika karne ya nne kabla ya Kristo, aliandika kwamba maji yaliyopashwa moto kwanza hupoa upesi, akatoa mfano wa wavuvi wa Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi, waliomwagia maji ya moto matete yao juu ya barafu ili barafu iyashike haraka. Francis Bacon mwaka 1620 na René Descartes mwaka 1637 walitaja mambo yanayokaribiana na hayo. Habari hiyo, basi, ilikuwa ndani ya vitabu vya watu wanaoheshimiwa sana katika historia ya fikra za Ulaya, lakini ilisahauliwa pale nadharia ya joto ilipokamilika kiasi cha kutokuwa na nafasi ya kuiweka. Nadharia humwonyesha mwanachuoni mahali pa kutazama, na kwa nguvu hiyohiyo humwondolea macho mahali pengine.

Pamoja na hayo, msomaji asidhani kwamba mwisho wa kisa ni ushindi wa kijana dhidi ya vitabu. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walichapisha uchunguzi uliofikia hitimisho kwamba hakuna ushahidi wa maana kuwa maji ya moto hupoa na kufikia nyuzi sifuri kabla ya maji ya baridi, na wakaonyesha kwamba kukisogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu ndani ya chombo kunaweza kuleta matokeo yanayodanganya. Upande wa pili, mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada walichapisha katika jarida la Nature jaribio la punje ndogo mno ndani ya maji, ambamo mfumo ulioanza na joto kubwa ulipoa haraka zaidi kuliko ulioanza na joto dogo, na jambo hilo likatokea mara kwa mara kama nadharia ilivyotabiri. Kwa hiyo jambo linaloitwa athari ya Mpemba limethibitika katika mifumo fulani, lakini kuhusu maji ya kawaida ndani ya friji ya kawaida wataalamu bado wanabishana.

Sehemu ya ubishi huo inatokana na kutoeleweka kwa neno kuganda lenyewe, na hapa kitu kidogo wanachokipenda watoto kinaweza kufafanua zaidi ya vitabu. Pakiti ya barafu ya ukwaju au ubuyu, inayotengenezwa nyumbani kwa kutia maji yenye sukari ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, huanza kuganda pembeni, kwenye ukuta wa plastiki. Molekuli za maji zinapojipanga kuwa fuwele, yaani umbo lenye mpangilio unaojirudia, haziachi nafasi ya sukari wala rangi, na kwa hiyo vitu hivyo husukumwa kuelekea katikati. Kiini hubaki na rangi iliyokolea na utamu mwingi, na kwa kuwa sukari hushusha joto la kuganda, kila kiasi cha maji kinachoganda hukifanya kimiminika kilichobaki kiwe kigumu zaidi kuganda. Gramu 171 za sukari katika kilo moja ya maji hushusha joto la kuganda kwa takriban nyuzi 0.9, na sukari ikizidi kukolea kadiri maji yanavyopungua, kiwango hicho huendelea kushuka. Ndiyo maana barafu hiyo huweza kutafunwa wakati barafu ya maji matupu huumiza meno, na ndiyo maana mtoto anayeng'ata kona ya pakiti na kufyonza hupata utamu wote mwanzoni, kisha akabaki na kipande cheupe kisicho na ladha.

Maana ya jambo hili kwa ubishi uliotajwa ni kubwa. Maziwa yenye sukari hayana dakika moja ya kuganda. Yana muda mrefu wa kuendelea kuganda, ambao una mwanzo lakini mwisho wake huamuliwa na anayetazama. Anayeuliza ni maziwa gani yametangulia kuganda anaweza kuwa anauliza ni yapi yaliyotangulia kufika nyuzi sifuri, au kutoa fuwele ya kwanza, au kuwa magumu kiasi cha kushikilia kijiko, na majibu ya maswali hayo matatu si lazima yafanane, hasa kwa kuwa maji yaliyotulia yanaweza kushuka chini ya nyuzi sifuri yakiwa bado kimiminika mpaka fuwele ya kwanza ipate mahali pa kuanzia. Wavulana wa Magamba walikuwa na kipimo chao, nacho ni kama kitu kimekuwa aiskrimu ama la; Osborne alipima muda hadi kuanza kwa barafu; Burridge na Linden walipima muda wa kufika nyuzi sifuri. Mashahidi watatu wanaoonekana kupingana huenda wanashuhudia mambo matatu.

Elimu ya hadithi katika Uislamu, ambayo ni miongoni mwa juhudi kubwa zaidi za binadamu za kuupima ushuhuda kwa utaratibu, inatoa msamiati unaofaa hapa. Wanachuoni wake walitofautisha habari mutawatir, yaani iliyopokewa na watu wengi katika kila tabaka kiasi kwamba haiwezekani wawe wamekubaliana kusema uongo, na habari ahad, ambayo wapokezi wake hawakufikia wingi huo. Kwa mpokezi mmojammoja walichunguza mambo mawili: uadilifu wake, yaani kama ni mtu mkweli mwenye mwenendo mwema, na udhibiti wake, yaani kama ameihifadhi habari barabara bila kuichanganya. Kisha wakaichunguza matini yenyewe, yaani maneno ya habari, kama yanapingana na yale yaliyothibiti. Jambo la kuzingatia ni kwamba habari ya mtu mmoja haikutupwa kwa sababu tu ni ya mtu mmoja. Ilipewa daraja na kufuatiliwa. Nayo Kurani, katika Sura ya Al-Hujurat, inawaamuru waumini waihakiki hata habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, na amri hiyo haihitimishwi kwa kumkanusha mleta habari bali kwa uchunguzi. Ushuhuda wa Mpemba kwa vipimo hivyo ulikuwa ahad, wa mtu asiye na sababu ya kudanganya, wenye udhibiti wa wastani, na matini iliyopingana na kilichofundishwa. Daraja yake ilikuwa ya kusubiri uhakiki, na ulipoongezwa ushuhuda wa muuza aiskrimu wa Tanga, aliyekuwa na uzoefu wa kila siku wa biashara, daraja hiyo ilipanda.

Hoja inaweza kupingwa kwamba dunia ina mashahidi wengi mno wa mambo ya ajabu, na kwamba mwalimu anayejaribu kila anachoambiwa na wanafunzi hatafundisha chochote. Pingamizi hili ni la kweli, na jibu lake limo ndani ya kipimo kilichopendekezwa mwanzoni. Wajibu wa kuhakiki si sawa kwa kila habari wala kwa kila msikilizaji, bali hukua kadiri gharama ya kuhakiki inavyopungua na kadiri msikilizaji anavyokuwa na mamlaka ya kufunga mjadala. Mpita njia aliyesikia habari za maziwa ya moto hakuwajibika kwa lolote, na mfalme aliye mbali na Uholanzi kwa bahari mbili aliwajibika kwa kidogo sana, kwa kuwa ukimya wake usingemnyima mtu yeyote maarifa. Mwalimu yuko katika nafasi nyingine kabisa, kwa sababu neno lake mbele ya wanafunzi humaliza maneno, na kwa sababu hata bila kulifanya jaribio angeweza kumruhusu aliyeuliza alifanye. Ruhusa haina gharama. Penye jaribio la bei ya kikombe cha maziwa, anayesema haiwezekani bila kujaribu hajaitetea sayansi, bali ameitumia hadhi yake mahali pa ushahidi, na hapo hata akiwa sahihi amekuwa sahihi kwa bahati.

Waswahili husema kuuliza si ujinga, na methali hiyo imewalinda waulizaji wengi dhidi ya aibu. Hata hivyo humlinda muulizaji tu. Haisemi anayeulizwa anadaiwa nini. Kisa cha Magamba kinalijaza pengo hilo kwa kuonyesha kwamba deni lake si kukubali, kwa sababu Mpemba hakustahili kuaminiwa papo hapo na huenda kuhusu maji ya kawaida ataonekana kuwa alikosea. Deni lake ni kutofunga mlango ambao ni rahisi kuufungua, na kutenganisha kile kijana alichokiona, ambacho ni ukweli wa trei mbili ndani ya friji moja siku moja, na kile alichokihitimisha, ambacho ni kanuni kuhusu maji yote. Cha kwanza kilikuwa chake na hakuna kitabu kilichokuwa na uwezo wa kukifuta. Cha pili kilikuwa dai, na madai yote, ya wanafunzi na ya walimu, hukaa kwenye benchi moja yakisubiri kujaribiwa.